Mtumwa, Rehani na Manamba: Tahakiki ya Istilahi Tatu kutoka Handeni na Korogwe

Mfasiri wa hati za sheria au za historia, kila akutanapo na mtu asiye huru, huandika "mtumwa" na kuendelea na sentensi ifuatayo. Neno ni jepesi, linajulikana na kila mtu, na hakuna mhariri atakayelikata. Makala haya yanauhoji wepesi huo. Tunadai kwamba "mtumwa" limebebeshwa mizigo ambayo maneno mengine ya Kiswahili yaliibeba zamani, na yangeweza kuibeba tena, na kwamba mahali pazuri pa kuyatafuta maneno hayo ni katika wilaya mbili za Mkoa wa Tanga: Handeni na Korogwe. Humo watu walipoteza uhuru wao kwa njia nyingi, na majina ya njia hizo hayajafutika.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mzizi wake ni kitenzi "tuma", na kitenzi hicho kimezaa majina matatu ambayo hayana budi kutajwa pamoja. Kwa kiishio -e tunapata "mtume", kama tupatavyo "mteule" kutokana na teua. Kwa kauli ya kutendwa tunapata "mtumwa". Na kutokana na "tumika" tunapata "mtumishi", kwa kanuni ile ile inayotupa "mpishi" kutokana na pika na "mwandishi" kutokana na andika. Kisarufi, mtume na mtumwa ni jambo moja: wote wawili ni watu waliotumwa. Desturi ndiyo iliyompandisha mmoja hata akawa wa Mungu na kumshusha mwingine hata akawa mali. Watafsiri wa Biblia waliuona ujirani huo. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952, Paulo anapowaandikia Warumi anajiita mtumwa na mtume katika aya moja, bila haya. Tafsiri ya Habari Njema iliyofuata ikambadilisha kuwa mtumishi. Sisi hatusemi kwamba badiliko hilo ni kosa la imani. Tunasema tu kwamba makali ya neno la Kigiriki yamepungua, na kwamba Paulo sasa anasimama karibu sana na sisi watumishi wa umma, wenye likizo na pensheni.

Hapa panafaa kusemwa jambo moja kuhusu mtindo mpya. Siku hizi baadhi ya wafasiri, wakifuata mjadala uliokolea katika nchi za Magharibi, hukataa kuandika "mtumwa" na badala yake huandika "mtu aliyefanywa mtumwa", ili kuonyesha kwamba utumwa si asili ya mtu bali ni tendo alilotendewa. Nia ni njema. Lakini Kiswahili kimekwisha kulisema jambo hilo kwa silabi moja. Ile -wa ya mwisho ni ya kutendwa: mtumwa hawezi kuwapo bila mtumaji. Anayeongeza maneno mawili juu yake anatibu ugonjwa wa lugha nyingine. Upungufu wa neno letu uko mahali pengine kabisa.

Upungufu wenyewe ni huu. Kamusi zetu za mwanzo zilikusanywa pwani. Krapf alikusanya maneno yake hasa Mombasa, ingawa alifika Vuga kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882. Askofu Steere alifanya kazi Unguja. Kamusi Sanifu ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Johnson ilijengwa juu ya msingi huo huo. Basi msamiati wa utumwa tuliourithi ni msamiati wa nyumba ya mnunuzi. Utazame: mtwana ni mwanamume, mjakazi ni mwanamke, suria ni mjakazi aliyewekwa nyumba na bwana wake, mzalia ni aliyezaliwa hapo hapo, mahuru ni aliyeachwa huru. Yote hayo yanajibu swali moja: mtu huyu ana kazi gani na cheo gani hapa nyumbani? Hakuna hata moja linalojibu swali la pili: alitokaje kwao?

Lakini barani, mahali alipotoka, swali la pili ndilo lililokuwa swali. Mama wa Uzigua au Usambaa hakuwa na haja ya kujua kama mwanawe amekuwa mtwana wa shamba au wa mjini. Alijua kwamba ameondoka kwa vita, kwa njaa, kwa hukumu, au kwa deni. Aliyeondoka kwa vita ni mateka. Baada ya Kimweri kufa mwaka 1862, vita vya kugombea urithi kati ya Wakilindi vilitoa mateka wengi walioshushwa Pangani na Tanga; Semboja, aliyekaa Mazinde kando ya njia ya misafara, alipata nguvu zake kwa biashara na bunduki. Habari za vita hivyo zimeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeishi karibu navyo, Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kila mfasiri wa historia ya Korogwe angepaswa kuwa nacho mezani. Wala tusifiche upande wa pili: Wazigua walitoa watumwa, na pia walitoa watekaji. Kisabengo, aliyejenga boma la Simbamwene penye Morogoro ya leo, alikuwa Mzigua, na mji wake ulikusanya watu kwa mtutu wa bunduki.

Aliyeondoka kwa njaa au kwa deni, yeye si mateka. Yeye ni rehani, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kwa muda.

Leo neno "rehani" linasikika benki na mahakamani. Nyumba huwekwa rehani, shamba huwekwa rehani, na kamusi huishia hapo. Katika Uzigua wa karne ya 19 mtu pia aliwekwa rehani. Nchi ile ni kavu, mvua zake hazina ahadi, na mwaka wa njaa ukija, mwenye nafaka ndiye mwenye watu. Baba alimpeleka mtoto, au mjomba alimpeleka mpwa, kwa mtu mwenye akiba ya mtama, akakaa kwake na kumfanyia kazi mpaka deni lilipwe. Alikuwa bado na ukoo wake, na ukoo ulikuwa bado na haki ya kumdai. Tofauti yake na mtumwa si ya upole wa kutendewa, maana rehani aliweza kupigwa na kushindishwa njaa kama mtu yeyote. Tofauti ni kwamba mlango wa kurudi ulikuwa umeachwa wazi, hata kama hapakuwa na aliyeweza kuufikia.

Kitenzi cha mlango huo ni "komboa". Msomaji azingatie kwamba Kiswahili hakisemi "kukomboa mtumwa" na "kumwacha huru mtumwa" kwa maana moja. Anayeacha huru ni bwana. Kitu kiko mkononi mwake naye anakiachia. Anayekomboa ni ndugu, na hakomboi bure: analipa. Kanisa lililichukua neno hilo likampa Kristo, na halikukosea, kwa kuwa fundisho lake ni la malipo. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda chombo cha kusaidia vita vya kujitoa katika ukoloni, chenye makao Dar es Salaam, tuliita Kamati ya Ukombozi. Sijui kama wahusika waliifikiria rehani, lakini neno lilifikiri kwa niaba yao: nchi zile hazikuachwa huru na mabwana, zilikombolewa na ndugu kwa gharama.

(Tumeteleza tukasema "sijui", tuseme sisi.)

Sasa tuone jinsi tofauti hii inavyogeuka kuwa jambo la maisha ya watu. Yapata mwaka 1836 njaa kubwa iliwapata Wazigua. Masimulizi yao huiita Kidyakingo, yaani ile ya kula ngozi, kwa sababu watu walifikia kuchemsha ngozi kavu. Masimulizi hayo husema kwamba watu walishuka pwani wakaingia majahazini kwa mapatano ya kwenda kufanya kazi wapate chakula, kisha warudi. Kwa fikira zao walikwenda kama rehani. Walishushwa katika bandari za Somalia wakauzwa kama watumwa. Wengi wao baadaye walitoroka mashambani, wakiongozwa, kama wanavyosimulia wajukuu zao, na mwanamke aliyeitwa Wanankhucha, wakakusudia kurudi kwao kwa miguu. Wakaishia katika misitu ya Mto Juba, wakafanya makazi, na lugha yao ya Kizigula wakaihifadhi. Karne moja na nusu ilipita. Katika vita vya Somalia vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu yao walikimbia hadi Tanzania, wakakaa Mkuyu na kisha Chogo, katika Wilaya ya Handeni, ambako wenyeji walielewa maneno yao. Wengi wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania.

Katika karatasi zinazowahusu watu hao, wafasiri wamewaita "wazao wa watumwa". Kauli hiyo kihistoria haiwezi kuitwa uongo. Lakini tuipime kwa masikio ya mhusika. Kule Somalia neno "adoon", yaani mtumwa, lilirushwa kwao barabarani kama tusi, na kwa msingi wa neno hilo walinyimwa heshima na mara nyingi ardhi. Wazigula wenyewe husisitiza kwamba hawakuwa kabila la watumwa. Walikuwa Wazigua waliodanganywa. Mfasiri anapoandika "wazao wa watumwa" huchagua upande wa mnunuzi katika mabishano ambayo hayajakwisha, na hufanya hivyo bila kujua kwamba kuna mabishano. Jina jingine walilopewa, "Wabantu wa Somalia", halina tusi, ila limetungwa na watu wa misaada katika miaka hiyo hiyo ya 1990, kutokana na neno ambalo Bleek alilitumia katika karne ya 19 kuainisha lugha. Mtu haulizwi kwao ni wapi akajibu kwa jina la familia ya lugha. Kama wenyewe wanajiita Wazigula, tuandike Wazigula wa Somalia, na historia yao tuieleze kwa vitenzi: waliondoka kwa njaa, waliuzwa, walitoroka, walirudi.

Hoja yetu haiishii kwenye historia. Mkataba wa Nyongeza wa mwaka 1956 kuhusu kukomesha utumwa unataja hali kadhaa zinazofanana na utumwa, na ya kwanza katika orodha hiyo ni ile ya mdaiwa kutoa kazi yake, au kazi ya mtu aliye chini ya mamlaka yake, kuwa dhamana ya deni, huku thamani ya kazi hiyo isihesabiwe kulipunguza deni. Wafasiri wetu wamelifasiri jambo hilo "utumwa wa madeni". Tunaliona kuwa neno lililotungwa kwa haraka. Msomaji wa kawaida akilisikia hudhani ni mzaha wa mtu aliyekopa kupita kiasi, kama tusemavyo fulani ni mtumwa wa pombe. Na zaidi ya hayo, linafuta lile ambalo Mkataba umelieleza kwa uangalifu, yaani dhamana. Ufafanuzi ule, ukiusoma mbele ya mzee wa Handeni, atakuambia hiyo ni rehani. Tunapendekeza basi "rehani ya mtu" kuwa istilahi ya sheria, na "kumweka mtu rehani" kuwa kitenzi chake. Faida yake ni kwamba kosa linapata mtendaji wawili: aliyeweka na aliyepokea. Katika "utumwa wa madeni" hakuna mtendaji ila deni.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba "rehani" ni neno la adabu, la benki, nalo litapunguza ubaya wa jambo. Pingamizi hili lina uzito, na habari ya Kidyakingo yenyewe inalitilia nguvu: rehani aliyevushwa bahari hakuwa tena rehani. Mwenye nafaka aliyechoka kusubiri, au aliyeona bei ya Pangani imepanda, alimwuza mtoto wa watu, na ukoo ulipofika na mtama wake ulikuta nyumba tupu. Lakini hiyo ni sababu ya kuyatenga maneno mawili, wala si ya kuyachanganya. Hakimu anayemwita kila mtu mtumwa tangu siku ya kwanza hana neno la kuonyesha ni siku gani rehani aligeuzwa mtumwa, na siku hiyo ndiyo penye kosa kubwa zaidi.

Tuvuke sasa twende Korogwe, ambako neno la tatu lilizaliwa wakati biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Serikali ya Wajerumani haikufuta utumwa wa nyumbani, ila ilitangaza kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Wakati huo reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe tangu mwaka 1902, na mkonge, ulioletwa na Hindorf mwaka 1893 kwa miche michache iliyonusurika, ulikuwa umefunika bonde la Pangani. Mkonge unataka watu wengi, na Wazigua na Wasambaa walikuwa na mashamba yao. Watu wakatafutwa mbali: Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Tangu mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba kilichojulikana kwa jina la SILABU kilikuwa kinawaandikisha na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba.

Tunavutiwa na jambo moja katika msamiati wa kazi wa eneo hili. "Kibarua" maana yake ya asili ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kutwa. Na pwani, wengi wa hao wa kutwa wa kwanza walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. "Kipande" ni kadi ya siku 30 za kazi, iliyotiwa alama kila siku iliyokamilika. Siku ya homa haikuhesabiwa, hivyo kipande cha siku 30 kilikula miezi. "Namba" ni namba. Maneno yote matatu humtaja mtu kwa karatasi yake. Mtumwa alitajwa kwa mtumaji, rehani kwa deni. Huyu wa tatu kwa kitu ambacho karani anaweza kukipoteza.

Je, manamba alikuwa mtumwa? Wapo waandishi wa historia na wanasiasa waliosema hivyo, na kwa kupiga mbiu neno hilo linafaa. Kwa istilahi halifai. Manamba alilipwa, ingawa kidogo. Alikuwa na muhula, nao uliisha. Watoto wake hawakuwa mali ya shamba. Kwa upande mwingine, kwa Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, akiacha kazi kabla ya muhula alihesabiwa kuwa mhalifu na si mvunja mapatano tu, akaweza kutiwa jela. Na mtu huyo aliitwaje? Aliitwa mtoro, jina lile lile la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Neno hilo halijapumzika. Sasa liko katika daftari la mahudhurio, nao walimu huliandika mbele ya jina la mtoto aliyeshinda akivua samaki. Hatuombi lifutwe, ila tunaona ajabu kidogo kwamba anayemkimbia bwana ni mtoro na anayekimbia vita ni mkimbizi, na kwamba Wazigula wa Chogo, katika historia yao moja, wamekuwa yote mawili.

Kwa hali kama ya manamba Katiba yetu ina istilahi nzuri, nayo ni "kazi ya shuruti" iliyotajwa katika ibara ya 25. Sheria ya mwaka 2008 imetupa "biashara haramu ya binadamu", na katika habari za watoto tumezoea "kutumikishwa". Maneno haya yanatosha, yakitumiwa kila moja mahali pake. Kinachotuudhi ni taarifa inayoanza na kazi ya shuruti katika kichwa, ikaendelea na utumwa mamboleo katika aya ya pili, ikamaliza na utumikishwaji, mtu akiwa ni yule yule na jambo likiwa ni lile lile, kana kwamba mwandishi anaogopa kurudia neno. Katika hadithi kurudia neno ni udhaifu. Katika hati ya sheria ni wajibu.

Limebaki swali dogo la kamusi kuhusu "manamba", ambalo tunaliweka mbele ya kamati. Umbo lake ni la wingi, lakini matumizi ni ya ngeli ya a-/wa-: manamba amefika, manamba wamefika. Hakuna anayesema "namba amefika" akimkusudia mtu. Kwa hiyo kidahizo kiingie kama "manamba", umoja na wingi, na ielezwe wazi kwamba mtu mmoja wa aina hii hakupata kuwa na jina la umoja.